Kuyatamani Yaliyopita

Ndugu msomaji, ukiketi na watu waliokwisha kupita umri wa miaka arobaini, iwe katika baraza za Ngamiani mjini Tanga, au Pangani karibu na kivuko, au mbali katika nchi za baridi walikokwenda wenzetu kutafuta riziki na elimu, hutakawia kulisikia neno hili: "Siku hizi hakuna vipindi vya watoto kama vile vya zamani." Msemaji atatikisa kichwa, wenziwe wataafiki, na mazungumzo yatageuka kuwa kama matanga. Jambo hili ni la kawaida mno hata watu hawadhani kuwa lina suala la dini ndani yake. Mimi naona limo, tena si dogo, hasa kwa ndugu zetu walioingia katika Uislamu wakiwa watu wazima.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe kama lilivyokuwa. Katika nchi nyingi watu wa umri wetu hukumbuka vipindi vya televisheni. Kwetu Tanzania Bara haikuwa hivyo. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962, na Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini Bara chombo hicho kilionekana kuwa anasa ya wachache, na kituo cha kwanza hakikuanza kurusha matangazo ila mwaka 1994. Kwa hiyo sisi wa mwambao wa kaskazini tulikaa katikati ya televisheni mbili bila ya kuwa na yetu. Pemba iko ng'ambo ya mkondo, Mombasa iko nyuma ya mpaka. Na mwenye uwezo alisimamisha mlingoti wa antena uliotaka kushindana na minazi, akanasa picha zenye chenga, na watoto wa mtaa mzima wakajazana dirishani kwake. Sisi wengine tulilelewa na redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha "Mama na Mwana", na msimulizi wake Debora Mwenda. Kwa watu wa rika langu kulitaja jina hilo kwatosha, mtu hunyamaza kidogo kabla ya kusema lolote. Ulikuwapo pia mchezo wa "Pwagu na Pwaguzi", ambao haukutungwa kwa ajili ya watoto, lakini ni mtoto gani aliyekubali kufukuzwa ukianza?

Lakini sikiliza. Wakati sisi tukiizunguka redio, bibi zetu hawakuwa radhi nayo. Wao walizoea kusema "Paukwa" wakaitikiwa "Pakawa" na watoto waliojilaza mkekani, na hadithi ikasimama mahali popote msimulizi alipotaka kumwuliza mmoja swali, au kumkanya mwingine kwa mfano wa fisi kwa sababu ya jambo alilolifanya mchana. Redio haiulizi. Haimwoni mtoto aliyekwisha kulala, wala haijui ni nani leo amempiga nduguye. Basi bibi alinung'unika kwamba sanduku lile limemnyang'anya wajukuu, kama nasi tunavyonung'unika leo kwamba simu imetunyang'anya watoto. Kama utamu wenyewe ulikuwa ndani ya redio, basi bibi alikosea; na kama bibi hakukosea, basi utamu haukuwa ndani ya redio.

Ulikuwa wapi, basi? Katika chuo cha dini ninakofundisha, ugenini, wamo vijana wa mataifa mbalimbali. Jioni moja walikuwa wakitajiana vipindi vya utotoni mwao, kila mmoja akishikilia kwamba vya kwao ndivyo bora kuliko vya ulimwengu mzima. Nilisikiliza kwa makini nikaona kwamba hakuna hata mmoja aliyeweza kusimulia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Walikumbuka wimbo wa kufungulia. Walikumbuka harufu ya chakula. Zaidi ya yote walikumbuka ni nani aliyekuwamo chumbani. Na mimi nikijipima naona ni hivyo hivyo: nakumbuka mawe ya redio yaliyoanikwa juani pamoja na dagaa ili yapate nguvu ya saa moja zaidi, na nakumbuka kwamba saa hiyo haikuwa yetu mpaka baba amalize taarifa ya habari. Kile tukionacho kuwa kipindi kizuri kilikuwa ni kungoja, na kungoja pamoja.

Iko na sababu nyingine, ambayo watu hawapendi kuisema. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, yaani matendo yake hayaandikwi kuwa hesabu juu yake. Mtu mzima asemapo, "Laiti ningerudi siku zile," mara nyingi hatamani hadithi ya sungura. Atamani siku ambazo deni lilikuwa la baba, ugonjwa ulikuwa shughuli ya mama, na kosa la asubuhi lilisahauliwa jioni. Atamani kalamu iinuliwe tena. Matamanio ya namna hiyo yanaeleweka, lakini yatupasa tuyatambue kwa jina lake, kwani yakiachwa humfanya mtu kuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe: mkewe yuko mbele yake, watoto wake wako mbele yake, naye moyo wake uko mwaka 1988.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile ya ushahidi. Kurani Tukufu inatutaka tuwe mashahidi waadilifu hata ikiwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu. Sasa, mtu amwambiapo mwanawe kwamba zamani mambo yote yalikuwa mema, anatoa ushahidi juu ya nyakati ambazo mtoto hakuziona wala hawezi kuzipinga. Je, ushahidi huo ni wa kweli? Miaka ile baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Mkonge, uliokuwa uhai wa Tanga, katikati ya miaka ya 1960 ulitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka nchini kote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 haukufikia hata tani 50,000, na nyuma ya tarakimu hizo wako akina baba waliorudi nyumbani kutoka mashambani mikono mitupu. Dada zetu walizisikia nusu za hadithi tu, kwa kuwa walikuwa jikoni au kisimani.

Tena kuna jambo linalonyamazisha kabisa. Kati ya kila watoto mia moja waliozaliwa nchini mwetu katika miaka hiyo, zaidi ya kumi na tano hawakufikisha umri wa miaka mitano. Siku hizi hawafiki watano. Anayesimulia utamu wa zamani ni yule aliyebaki. Wale wengine hawamo barazani kutoa maoni yao.

Wala si haki kusema kwamba watoto wa leo hawana kitu. Tangu mwaka 2014 kuna "Ubongo Kids", kipindi cha katuni kilichotengenezwa Dar es Salaam, kinachofundisha hesabu kwa nyimbo na kwa Kiswahili. Na kwa wadogo zaidi yuko "Akili" na wanyama wenzake. Hakuna aliyetufundisha sisi hesabu kwa furaha namna hiyo. Sisi tulifundishwa kwa fimbo. Katuni nyingine zinazomiminika majumbani ni upuuzi mtupu, sikatai, na mzazi anayemwachia mtoto simu kutwa nzima ili apate nafasi ya kupumzika ajue kwamba atakuja kuulizwa. Lakini ubaya wa jambo moja hauthibitishi uzuri wa lililotangulia.

Hapo huenda msomaji akadhani kwamba nataka kumkataza kuyakumbuka ya utotoni. La hasha. Nirudi kwa wale vijana wa chuoni. Mmoja wao, mwenyeji wa wilaya ya Muheza, aliyelelewa katika nyumba ya Kikristo akasilimu ukubwani, hakusema neno jioni ile. Siku ya pili alinijia peke yake. Akasema: "Mwalimu, kila nikumbukapo nyimbo za kwaya zilizokuwa zikitoka redioni Jumapili asubuhi, mama akiwa anachochea moto, moyo wangu hulegea. Je, imani yangu ina ufa?" Swali hili, ndugu msomaji, wanalo wengi ambao hawajathubutu kuliuliza, na wengine huogopa kukaribia dini kwa sababu yake tu, hudhani watatakiwa kuwachukia mama zao.

Nilimkumbusha habari iliyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha r.a. Waislamu walipohamia Madina, Hadhrat Abu Bakr r.a. na Hadhrat Bilal r.a. walishikwa na homa. Homa ilipokuwa ikimwachia, Bilal alikuwa akiinua sauti yake kwa mashairi ya kuitamani Makka: je, atalala tena usiku mmoja katika bonde lile, penye nyasi zake zenye harufu nzuri, je, ataiona tena milima ile? Fikiri ni nani anayesema haya. Ni Bilal, ambaye katika Makka hiyo hiyo alilazwa juu ya mchanga uliounguza na kuwekewa jiwe kifuani kwa sababu ya kumkiri Mungu Mmoja. Makka ya wakati huo ilikuwa mji wa masanamu. Hata hivyo nyasi zake zilikuwa nyasi za utoto wake.

Mtume s.a.w. alipoarifiwa hakusema kwamba imani ya Bilal ina ufa. Hakumwambia asahau. Aliomba dua kwamba Mwenyezi Mungu aifanye Madina ipendeze mioyoni mwao kama Makka au zaidi, aibariki mizani na vipimo vyake, na aiondoe homa yake. Yaani aliichukua hamu yao kama ilivyo, akaomba wapewe upendo mwingine wa kuongezwa juu yake, tena akaufanyia kazi mji ule mpaya: vipimo vya sokoni na afya ya wakazi. Kwa maoni yangu humo mna elimu kubwa kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya hamu ya zamani.

Na yako maneno mengine katika habari hiyo yasiyofaa kupitwa. Bilal, baada ya kuitamani milima, aliwataja kwa majina wakuu wa Makka waliowafukuza, akawaapiza. Hakuziacha nyasi zimsahaulishe dhuluma, wala dhuluma haikumfanya azikane nyasi. Hivyo ndivyo ashuhudiavyo mkweli. Nilimwambia kijana yule: mama yako alichochea moto akakulisha, na hilo ni kweli mpaka siku ya kiama, yale ambayo huyaamini tena huyaamini, na hilo nalo ni kweli. Hakuna sheria inayokutaka uifute moja ili uithibitishe nyingine.

Aliniuliza afanye nini na hamu hiyo ikimjia. Bibi Aisha r.a. ametusimulia tena kwamba Hala, ndugu yake Bibi Khadija r.a., alipobisha hodi siku moja miaka mingi baada ya kifo cha Khadija, Mtume s.a.w. aliisikia sauti, akakumbuka namna Khadija alivyokuwa akibisha, na moyo wake ukatikisika. Sauti tu, kama ile itokayo redioni ikamsimamisha mtu njiani. Ni desturi yake pia kwamba alipochinja mbuzi aliwapelekea nyama marafiki wa Khadija. Kumbukumbu yake ilikuwa na anwani: ilitoka nyumbani ikiwa na nyama mkononi, ikafika kwa wazee walio hai. Kijana yule alikuwa na mama aliye hai Muheza, na alikuwa hajampigia simu tangu aliposilimu, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

Nimeletewa pia swali na mtafutaji mmoja wa pwani hiyo hiyo, ambaye bado hajaamua, naye auliza kama inamfaa Mwislamu kumsimulia mwanawe hadithi alizosimuliwa na bibi yake asiyekuwa Mwislamu, zenye mizimu na wanyama wasemao. Namjibu hivi: msimulie. Zima simu, mkalishe karibu, anza kwa "Paukwa" kama bibi alivyoanza. Ukifika penye mizimu, mwambie kwamba bibi aliamini hivyo nasi hatuamini, kisha endelea na hadithi, usiharakishe. Akikukatiza kwa maswali mwache akukatize. Redio haikuturuhusu sisi kufanya hivyo. Na umtajie jina la bibi, na kijiji alichozikwa, na mwaka huu ukipata nauli mpeleke akapaone.