Kusikia Hasira si Kuitii

Swali ninaloulizwa sana na vijana hapa kambini halihusu kazi wala shule. Ni hili: mtu akiwa ameamini kweli, anaomba asubuhi na jioni, kwa nini moyo wake bado unageukageuka? Asubuhi anaimba kwaya, saa nane mchana anataka kupigana kwenye foleni ya maji, usiku analia bila kujua sababu. Wengi wanauliza kwa sauti ya chini, maana jibu wameshapewa: imani yako ni ndogo, ongeza maombi, funga siku tatu. Wanafunga. Siku ya nne moyo uko palepale. Sasa wana mizigo miwili, huzuni yenyewe na aibu ya kuwa na huzuni.

Mimi nadhani jibu hilo si sahihi. Lakini pia sikubaliani na vijana wenzangu wanaosema hisia ni hisia tu, fuata moyo wako, maombi waachie wazee. Naomba nieleze kwa nini, na wewe msomaji upime.

Tuanze na hapa tulipo. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliotoka Kongo, hasa Kivu Kusini. Kuanzia 2015 wakaja ndugu wengi kutoka Burundi. Kuna watu waliozaliwa humu ambao leo nao wana watoto. Karibu kila jambo kubwa la maisha yetu linaamuliwa mahali pengine, na sisi tunalisoma kwenye ubao wa matangazo. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipunguzwa mpaka nusu. Mwezi wa kwanza 2025, ndani ya wiki moja tu, zilikuja habari mbili. Marekani imesimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, hata wale waliokuwa wamemaliza vipimo na wanangoja ndege. Na Goma imeingia mikononi mwa M23. Yaani mlango wa kwenda mbele na mlango wa kurudi nyuma vilifungwa wiki moja. Mtu ambaye moyo wake haukutikisika wiki ile, sitakimbilia kumwita mwenye imani kubwa. Nitamuuliza kwanza kama alisikiliza redio.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalosema ni hili: moyo unaobadilika mara nyingi ni moyo unaoona. Mambo yanabadilika, nao unabadilika. Hilo peke yake si dhambi na si ugonjwa.

Jambo la pili nalitoa ndani ya lugha yetu. Kwa Kiswahili tunasema nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia hasira. Kule kwetu mtu anasema, "Niko nasikia roho mubaya." Hasemi yeye ni hasira. Hasira ni kitu anachokisikia, kama mgeni anayepiga hodi. Lakini neno hilohilo lina kazi nyingine. Mama akilalamika, "Huyu mutoto hasikii," hana maana kwamba masikio ya mtoto yameharibika. Anasema mtoto hatii. Basi kuna kusikia kwa aina mbili, na ugomvi mwingi ninaouona kambini unatoka pale tunapozichanganya. Nimesikia hasira, basi lazima niitii. Nimesikia kukata tamaa, basi lazima nifanye inachosema.

Kusikia kwa kwanza hakuna hatia, kama vile njaa haina hatia. Hata mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso, alikubali kwamba mtu anaweza kukasirika na asitende dhambi. Akaweka tu mpaka wa muda: jua lisizame hasira bado ipo. Kusikia kwa pili, kule kwa kutii, ndiko nitakakoulizwa. Na kati ya hizo mbili kuna nafasi ndogo, wakati mwingine ni dakika moja tu. Mimi naamini maombi yanafanya kazi ndani ya nafasi hiyo. Yanaipanua. Dakika moja inakuwa saa, saa inakuwa usiku mzima, na asubuhi mtu anaweza kuchagua.

Wako watakaosema hayo ni maneno yangu tu. Haya, tuangalie watu wa Biblia wenyewe. Hana aliomba kwa uchungu mpaka kuhani Eli akafikiri amelewa. Yona alimkasirikia Mungu usoni kabisa. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina ile "lakini" nzuri ya mwishoni ambayo sisi tunaipenda kwenye mahubiri. Na Yesu mwenyewe bustanini Gethsemane alihuzunika, akaomba mara tatu kwa maneno yaleyale. Kama kuomba zaidi kungekuwa dawa ya kufuta hisia, mara ya kwanza ingetosha kwake. Hakutoka pale akiwa hana hofu kwa sababu imefutwa. Alitoka akiwa ameamua.

Zaburi inayonisumbua zaidi ni ya 137. Ni wimbo wa watu waliohamishwa kwa nguvu, wamekaa Babeli, wanakumbuka kwao. Kwaya zetu zinaupenda mwanzo wake, na kila mkimbizi anajua kwa nini. Mwisho wake tunauruka. Mwishoni yule mkimbizi anawatakia watoto wachanga wa adui kifo cha kutisha. Tufanye nini na maneno kama hayo?

Hapa si swali la darasani. Humu kuna watu wa makabila ambayo huko nyumbani yanauana, na hapa wanachota maji bomba moja. Kuna kijana anajua kabisa ni watu gani walichoma nyumba yao, na anasikia lugha yao kila siku kwenye foleni. Ukimwambia "samehe tu, wewe ni Mkristo," atasema amina, kisha ile chuki itashuka chini mahali ambapo hakuna mtu anayeiona. Nadhani zaburi hiyo imeachwa humo ili mtu kama yeye ajue pa kuipeleka. Maneno ambayo yangeweza kuwa panga yalisemwa mbele ya Mungu. Lakini niwe wazi: kusema mbele ya Mungu hakugeuzi matakwa mabaya kuwa mazuri. Mtoto wa adui ni mtoto. Mungu kusikiliza si Mungu kukubali, na tofauti ya kusikia na kutii iko kwake pia. Tunamshukuru kwamba anasikia maombi yote na hatii kila kitu tunachoomba tukiwa na hasira.

Sasa kuna pingamizi ambalo linatoka kwa vijana wenye akili na pia kwa baadhi ya wafanyakazi wa mashirika. Wanasema: maombi yanawalaza watu. Chakula kinakatwa, badala ya kuuliza tunakesha kanisani, na asubuhi tumetulia kama kondoo. Sitaki kulipuuza, kwa sababu kuna maombi ya namna hiyo. Kuna mahubiri yanayomwambia mtu mwenye njaa kwamba tatizo ni manung'uniko yake. Lakini Yesu alipofundisha kuomba bila kuchoka, mfano alioutoa ulikuwa wa mjane anayemrudia hakimu mara kwa mara kudai haki yake. Huyo mjane hakulala. Mtu aliyeomba vizuri anaweza kwenda kwenye dawati la malalamiko akaeleza shida yake bila kutukana, akarudi wiki ijayo, na ile nyingine. Hasira isiyoombewa inapiga kelele siku moja, halafu inachoka.

Pingamizi la pili mimi mwenyewe naliona ni zito zaidi. Kama hisia mbaya hatuzitii, je, zile nzuri? Nasikia watu wakisema, "Nimeomba nikasikia amani moyoni," na kwa amani hiyo msichana anaacha shule aolewe, au baba anauza kadi ya chakula. Furaha nayo inapiga hodi. Nayo si bwana. Padri mmoja alitufundisha habari za Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuti. Alikuwa askari Mhispania, na mwaka 1521 alivunjwa mguu kwa mzinga kwenye vita vya Pamplona. Akiwa kitandani muda mrefu, aliona kwamba ndoto za sifa za kiaskari zilimfurahisha zikiwepo, zikiondoka zilimwacha mkavu. Mawazo ya kumfuata Mungu yalimwacha na furaha iliyodumu. Baadaye akaweka kanuni: moyo ukiwa gizani, usibadilishe uamuzi uliokuwa umeufanya kwenye mwanga. Ngoja. Na amani inayokuja wakati wa wimbo uipime kesho, wakati ngoma zimenyamaza.

Kanuni hiyo ina faida kubwa kwetu. Hapa kuna siku ambazo mtu anataka kujiandikisha kurudi kwa sababu tu jana aligombana na mke wake. Kuna siku mtu anataka kutoroka bila kibali kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye orodha. Labda kurudi ni sawa, labda kuondoka ni sawa. Lakini uamuzi kama huo usifanywe na jana.

Na jambo la mwisho, mtu asije akasoma haya akadhani nasema maombi yanatosha kwa kila kitu. Kumbuka Eliya. Alikimbia mpaka jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale mara ya pili. Baada ya siku nyingi za safari ndipo Mungu akamuuliza maswali, akamsikiliza, akampa kazi na kumwambia kwamba hayuko peke yake, wako wengine 7,000. Angalia utaratibu huo: chakula, usingizi, kusikilizwa, kazi, watu. Kwa hiyo kijana ambaye halali wiki nzima, au anayesema anataka kufa, tunaomba naye na tunampeleka kliniki siku hiyohiyo. Anayemzuia asiende kwa jina la imani anamnyima ule mkate wa malaika.

Kwenye kundi letu la vijana tunajaribu mambo manne, na si makubwa. Kwanza kukitaja unachosikia kwa jina lake: ni hasira, au ni hofu iliyovaa nguo za hasira? Pili kumwambia Mungu vilevile kilivyo, bila kukipamba, kwa lugha uliyonyonya. Tatu kutoamua kitu kikubwa kabla ya kulala na kuamka. Nne kumwambia mtu mmoja unayemwamini, yaya, mama, rafiki wa kwaya. Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo.

Ninyi mnaokuja kufanya kazi na sisi, mkimkuta mama anaomba kwa kelele na machozi, msifanye haraka ya Eli. Hajachanganyikiwa, na wala hajakataa msaada wenu. Yuko kazini. Wachungaji wetu, mtu akiwaambia amechoka na Mungu, msimfukuze, ameshaanza kuomba. Na wewe kijana mwenzangu, usingoje moyo utulie ndipo uombe. Nenda nao ulivyo, unarukaruka. Utausikia tena kesho, na keshokutwa. Siku utakapousikia na usiutii, hapo ndipo imani yako imefanya kazi yake, hata kama bado unalia.