Je, Matengenezo ya Muda ni Uongo?

Mtu akitengeneza kitu kwa njia ambayo ajua haitadumu, je, amemdanganya mwenye kitu? Swali hili twaona lafaa kuwekwa mbele ya wasomaji wetu, na mfano tutakaoutumia ni piano ya zamani ambayo vigingi vyake vimelegea.

Wasiopata kuona ndani ya piano na wajue hili kwanza. Nyuzi zake hupita 200, na kila uzi huvuta kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 70 hivi. Zote pamoja ni tani 15 au zaidi. Fremu nzito ya chuma huuzuia mvuto huo, lakini mwisho wa kila uzi umezungushwa juu ya kigingi cha chuma, nacho kigingi hakikufungwa kwa nati. Kimepigiliwa katika tundu la ubao mgumu, nao ubao hukibana, basi. Hapa katika uwanda wa Ufipa, karibu meta 1,800 juu ya bahari, mvua hukoma Aprili au Mei, kisha hufuata miezi mingi mikavu. Ubao hunywea, tundu hupanuka, kigingi hulegea. Sauti zalinganishwa Jumamosi, na Jumapili zimekwisha kushuka.

Watu wa Ufipa hawana haja ya kufundishwa habari ya chuma na mti. Wazee wao waliyeyusha chuma chao wenyewe katika tanuru ndefu kupita kimo cha mtu, wakakisafisha tena katika tanuru ndogo, ndipo wakafua majembe. Jembe likichomoka wakati wa kiangazi, mkulima hamlaumu mhunzi, hutazama mpini. Tena aijua dawa ya upesi: aulaza mpini majini usiku kucha, na asubuhi umevimba, jembe limeshika. Ukikauka, lachomoka tena.

Piano nayo ilipata dawa ya namna hiyo. Mafundi wa zamani walitia matunduni glisirini iliyochanganywa na spiriti, ubao ukavimba, vigingi vikashika kwa muda. Siku hizi iko gundi nyepesi kama maji, ile iitwayo madukani supaglu, ambayo hupenya nyufani na kukauka humo, nayo husaidia sana. Lakini palipotiwa glisirini zamani, mara nyingi gundi haishiki vema. Fundi wa kwanza alipata ujira wake, mwenye piano alifurahi, na hasara ikamwangukia mtu ambaye hakuwapo.

Wako wasemao kwamba fundi mwaminifu hana budi kung'oa vigingi vyote na kutia vilivyo vinene zaidi, au kubadili ubao wote. Hatukubali. Maneno hayo ni mepesi kwa mwenye fedha. Kubadili ubao ni kushusha nyuzi zote na kuiinua ile fremu, na gharama yake yaweza kupita bei ya piano yenyewe. Je, wasio na fedha wakae bila kinanda? Anayelaza mpini majini hamdanganyi mtu, maana jembe ni lake na ajua alilolifanya. Ila akilipeleka sokoni asubuhi ile, mpini ukiwa bado umevimba, huyo ni mwizi.

Kwa hiyo fundi na atie gundi, au azungushie kigingi kipande cha msasa, kadiri ya fedha zilizopo. Lakini amwambie mwenye piano kwamba dawa hiyo ni ya muda, kisha aandike kwa penseli ubavuni mwa kibao cha kwanza cha kupigia: tarehe, vigingi vipi, na alichotia.

Liko neno gumu zaidi. Mwenye piano aweza kumwagiza asiandike kitu, kwa kuwa ataka kuiuza kabla ya kiangazi. Kazi za vinanda katika Sumbawanga ni chache, na fundi ana watoto. Sisi twasema aikatae kazi hiyo, hali twajua kwamba si sisi tutakaolala na njaa jioni ile.