Nani hayuko tayari, mtoto au sisi?

Imekuwa ada siku hizi, mtoto wa kijijini akipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza, swali la mwanzo ni je, amepita chekechea? Mzazi akijibu kwamba mtoto alikuwa chuoni kwa maalim, huonekana kama aliyesema mtoto alikuwa akicheza tu. Nami nauliza: anayepimwa hapo ni mtoto au ni sisi wakubwa?

Mtoto wa shamba wa miaka sita si debe tupu. Huku kwetu mwambao anajua bamvua na maji mafu, amembeba mdogo wake mgongoni, na kama amesoma chuo basi anazijua herufi za Kiarabu na amehifadhi sura kadhaa. Akiulizwa na mtu asiyemjua ataje rangi za penseli, hunyamaza, kwani nyumbani amefunzwa kuwa kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu. Adabu hiyo ndiyo inayoandikwa kuwa ujinga.

Hata hivyo sisemi kwamba chuo kinatosha. Hakitoshi. Kukaa mkekani saa mbili akirudia alichosema maalim, wa miaka minne kachanganywa na wa miaka kumi na miwili, hakumpi mtoto nafasi ya kuuliza, kushika, kujenga na kubomoa. Viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya walilitambua hilo mapema. Mwaka 1986, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, ulianza Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa ulioongozwa na Bi Swafiya Said, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wanawake wa palepale walifunzwa ualimu. Vifaa vikawa vifuu vya nazi, makombe ya pwani, mbegu na vipande vya mbao. Qur'an ilibaki, na kuhesabu kukaingia humohumo. Wanakijiji nao walitakiwa kutoa mahali, kamati na ada. Kwenye ada ndipo penye mtihani.

Tuseme kweli. Tukichangishwa mnara wa msikiti, tunatoa, na majina yanasomwa. Mwalimu wa watoto wadogo akidai haki yake ya mwezi, anaambiwa ujira wake uko kwa Allah. Uko, naam, lakini si sisi wadaiwa wa kumwambia hivyo.

Wapo watakaosema hilo ni jukumu la serikali. Kweli, sera ya Zanzibar ya 2006 iliiingiza elimu ya awali katika elimu ya msingi, na ya Bara ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja kuwa wa lazima. Tuidai serikali walimu na madarasa. Ila sera haimpikii mtoto uji, wala haimsindikizi mtoto wa miaka mitano kilomita nne.

Na baba yuko wapi? Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, hata kumwachisha mtoto ziwa kumewekewa sharti la wazazi wawili kuridhiana na kushauriana. Iweje basi safari ya kutoka nyumbani kwenda shule aachiwe mama peke yake, ashtukie Januari imefika na sare haijashonwa?

Ijumaa hii, kabla kamati haijasoma mapato ya mnara, na asimame mmoja wetu aulize: maalim wa watoto alilipwa lini mara ya mwisho, na kiasi gani?