Steringi ni Yupi?

Anayechelewa kuingia kwenye kibanda umiza, chumba cha kuonyeshea video mtaani, filamu ikiwa imeshaanza, humgusa jirani yake begani na kumnong'oneza: "Steringi ni yupi?" Akishaonyeshwa shujaa mkuu wa filamu, anatulia kwenye benchi. Waliobaki ni maadui au wapita njia. Swali hilo la vibanda vya Dar es Salaam limebeba dai zito la kifalsafa, kwamba wema na ubaya ni vyeo ambavyo mtu huingia navyo kwenye hadithi na kutoka navyo.

Kuna vitabu vya katuni vilivyolikataa dai hilo. Mwaka 1981 mwandishi wa Marekani, Chris Claremont, na mchoraji Michael Golden walimleta Rogue, binti ambaye ngozi yake ikikugusa inakunyonya nguvu na kumbukumbu. Aliingia akiwa adui. Alimnyonya Carol Danvers, mwanamke shujaa, akamwacha hajitambui. Profesa Xavier, mlezi wa kundi la X-Men, aliweza kumrudishia Carol kumbukumbu zake, ila mapenzi yaliyokuwamo ndani ya kumbukumbu hizo hayakurudi. Alimkumbuka mama yake kama mtu anayesoma habari za mama wa mwenzake.

Miaka miwili baadaye Rogue anabisha hodi kwa Xavier. Kumbukumbu za Carol zinamtia wazimu, anaomba msaada. Xavier anampokea, vijana wake wanachukia. Carol anapomwona humo ndani anampiga ngumi moja inayomtupa nje ya dunia.

Ngumi ile ilikuwa haki yake. Mkono wa Rogue ni uleule: jana uliiba, kesho utaokoa maisha. Kipaji chake hakikuwa na dhambi wala thawabu, kilichogeuka ni watu aliowatumikia. Lakini ushujaa wa kesho haumrudishii Carol mama yake. Mtu anaweza kuwa mwema kwelikweli na bado akadaiwa, na Claremont hakulificha deni hilo ili tumpende binti yule upesi.

Katika katuni, kalamu moja ndiyo inayoamua nani kageuka. Mjini kalamu ni nyingi. Atokaye Kariakoo kwenda Posta kwa miguu hukatiza viwanja vya Mnazi Mmoja, akatokea kwenye barabara pana yenye kibao cha Bibi Titi Mohamed.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akajulikana kwanza kwa sauti: alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilipomkabidhi kazi ya kuwaingiza wanawake mwaka 1955, hakuanza na hotuba. Alizifuata ngoma na wauza pombe, mahali ambapo wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga wenyewe. Kufikia Oktoba mwaka huo walikuwa wamejiunga zaidi ya 5,000. Baada ya uhuru aliongoza Umoja wa Wanawake (UWT) na kuwa naibu waziri. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akapinga, akajiuzulu.

Oktoba 1969 akakamatwa. Kesi yake ya uhaini ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, na Februari 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Alikana mashtaka. Akiwa gerezani mumewe alimpa talaka. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akarudi kwenye ukimya mrefu, hadi mwaka 1991, katika sherehe za miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama tawala lilipomtaja tena kuwa shujaa wa ukombozi. Alifariki Johannesburg, Novemba 2000.

Hapo ndipo katuni na historia zinapoachana. Rogue aligeuka yeye. Bibi Titi hakupewa ukurasa wa kugeuka. Waligeuka wasimulizi wake, mara mbili. Msamaha wa rais humfungulia mfungwa mlango lakini hauifuti hukumu. Kibao cha barabara nacho kinampa mtu heshima pasipo kuitaja hukumu hiyo. Kati ya mlango na kibao kuna pengo ambalo halikuzibwa na maelezo yoyote ya hadharani yenye uzito wa ile kesi. Hilo ni kosa la kimaadili kabla ya kuwa kosa la historia. Ikiwa alionewa, anadaiwa kauli. Ikiwa alikosa, basi ana haki ya kukumbukwa akiwa mzima, mwimbaji na mfungwa katika mwili mmoja, kama Rogue alivyokubaliwa na mkono wake wenye deni.

Mtoto wa shule anayesoma kibao kile kutoka dirishani mwa daladala, foleni ikiwa imesimama karibu na chuo cha DIT, akimuuliza mama yake huyu ni nani, ataambiwa alipigania uhuru. Ni kweli. Jibu hilo linaishia mwaka 1961, na Bibi Titi aliishi miaka 39 zaidi.