Haki ya Mgeni katika Mfuko wa Afya

Afya ni mali ambayo mwenyewe haijui thamani yake mpaka imtoke. Tajiri aliyelazwa kwa homa humhusudu mchukuzi apitaye njiani na gunia begani. Kwa kuwa ugonjwa haupigi hodi, watu wenye busara wamejifunza kujiwekea akiba kwa pamoja. Kila mmoja hutia kidogo katika mfuko mmoja, na yule apatwaye na maradhi hutibiwa kwa mfuko huo. Mpango huu huitwa bima. Kwetu si jambo geni: ni harambee ifanywayo kabla ya msiba badala ya baada yake.

Kenya ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali mwaka 1966. Sheria ya mwaka 2023 iliuondoa mfuko huo na kuweka Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii mahali pake, na mfuko mpya ulianza kazi Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa mapato ya nyumba yake, wala hatoi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Hapo ndipo lizukapo swali: je, mgeni akaaye katika nchi yetu ana haki ya kutibiwa kwa mfuko huu?

Swali hili mimi nililiona kwanza katika uso wa mtu. Karibu na chuo nilichosomea ualimu palikuwa na fundi cherehani aliyetoka Kongo. Alikuwa amekaa pale miaka mingi, akishona sare za watoto wa shule, na kila mwezi alilipa mchango wake katika mfuko wa wakati ule. Usiku mmoja binti yake alibanwa na pumzi. Tulimsindikiza hospitali. Karani aliyekuwa dirishani aliitazama kadi, akasikia matamshi ya fundi, kisha akasema, “Mfuko huu ni wa wananchi.” Fundi hakugombana. Alitoa stakabadhi zake mfukoni akazipanga mbele ya karani moja moja, kama mtu apangaye karata. Karani hakuzisoma. Sisi wanafunzi tulichanga tulichokuwa nacho, na mtoto akatibiwa kulipokucha. Alipona. Lakini tangu siku ile baba yake hakutuita tena jirani zake, alituita wenyeji.

Wako wasemao kwamba karani yule alikuwa na sababu. Husema kuwa mfuko ni mdogo na wananchi ni wengi. Kwamba chakula cha nyumbani hakitoshi, seuze cha kugawia wapita njia. Na kwamba milango ikiachwa wazi, watakuja watu kwa nia ya kutibiwa tu, kisha waende zao. Hoja hizi hazifai kudharauliwa. Mfuko usiolindwa hukauka, na ukikauka hauwafai wenyeji wala wageni. Lakini tazama vema, msomaji: hoja hizi zamhusu mtu ajaye kuchota bila kutia. Hazimhusu fundi aliyetia miaka mingi. Kumchanganya huyu na yule ni kumhukumu mkulima kwa kosa la mwizi wa mahindi.

Wazee wetu walikwisha kulipima jambo hili waliposema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya mwaka 2023 imefuata njia iyo hiyo. Anayekusudia kukaa nchini chini ya miezi 12 hutakiwa kuja na bima yake mwenyewe. Huyo ni mgeni wa siku mbili. Akaaye zaidi ya miezi 12 hutakiwa kuchangia mfuko kama wenyeji. Huyo amepewa jembe. Aidha, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, humpa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki za hifadhi ya jamii kama wafanyakazi wa nchi aliyohamia. Basi methali ina upande wa pili ambao watu husahau kuutaja: aliyepewa jembe akalima, asinyimwe mavuno. Kumlimisha mtu na kumnyima chakula si ukarimu wala si sheria, ni dhuluma.

Je, asiyeweza kuchangia? Hapa twatoka katika hesabu na kuingia katika utu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya afya, na husema kuwa mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haikusema kila mwananchi. Imesema kila mtu. Aliyegongwa na gari barabarani haulizwi alizaliwa wapi kabla ya damu yake kuzuiwa. Hata kwa faida yetu wenyewe hii ni busara. Kifua kikuu cha mgeni asiyetibiwa hakikai chumbani mwake. Huenda sokoni, hupanda matatu, huingia darasani.

Tukumbuke pia kwamba sisi nasi tu wageni kwingine. Mwanafunzi wa Kenya apataye kibali cha kusoma Uingereza hutozwa ada ya afya ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka. Ada hiyo ni nzito, lakini akiisha kuilipa hupokelewa hospitalini karibu sawa na mzaliwa wa nchi ile. Mzazi wake aliye Nyeri au Kilifi angesemaje kama angesikia kwamba mtoto wake alilipa kisha akafukuzwa dirishani kwa sababu ya matamshi yake? Neno lile atakalolisema, na tulisikie kinywani mwa mgeni wetu.

Mgeni naye ana wajibu. Na aandikishe jina lake kwa ukweli, atoe mchango wake kwa wakati, wala asimwazime mtu kadi yake. Haki isiyo na wajibu ni mti usio na mizizi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Haki ya kutibiwa kwa mfuko wa pamoja hutokana na kuubeba mzigo wa pamoja, si na mahali kitovu kilipozikwa. Na haki ya kuokolewa katika hatari ya kufa hutokana na kuwa binadamu tu. Stakabadhi za fundi yule hazikuwa karatasi tupu. Kila moja ilikuwa siku aliyolima shambani mwetu. Nchi isiyozisoma hupoteza jirani, ikabaki na mgeni.