Sitaha ya Juu

Ndugu zangu Waislamu, madrasa ilitufundisha kuyapima maji kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Najisi ikigeuza mojawapo, udhu hakuna. Udongo hauhesabiwi, ndiyo maana mwezi wa nne, Mto Kipsonoi ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, mtu atatawadha humo na swala yake itasihi.

Sasa ichukue mbolea ya majani chai, tuliyoitupa shambani jioni na usiku ikanyesha mvua kubwa. Ikishayeyuka haionekani wala hainuki. Inatuponyoka, twahara kabisa, mpaka Mto Yurith. Yurith na Kipsonoi ikikutana ndiyo Sondu-Miriu, unaomwagika Ghuba ya Winam. Nyangores wa Bomet una safari ndefu zaidi: huungana na Amala ukawa Mto Mara, huvuka mpaka na kuingia Ziwa Victoria upande wa Musoma. Huko chini mbolea haisahau kazi yake. Hustawisha mwani na magugu maji, na mwani ukioza humaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Winam yenyewe ina kina kifupi na mlango mwembamba. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka.

Mnaikumbuka hadithi ya jahazi, aliyoipokea Nu'man bin Bashir? Abiria wa sitaha ya chini walitaka kutoboa sakafu wapate maji bila kuwasumbua wa juu, na Mtume (S.A.W.) akaonya kwamba wakiachwa wataangamia wote. Tunaisoma huku tukiwanyooshea kidole wa chini. Lakini Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wa juu ni sisi.

Mtume alionya pia dhidi ya kujisaidia mahali watu wanapochotea maji. Anayesuuza pampu ya dawa papo hapo anajiona tofauti kwa lipi, sijui.

Na kuna hili linaloninyima usingizi. Dhambi baina yako na Mola utaitubia kwenye mswala wako. Haki ya mja huombwa msamaha kwa mja mwenyewe. Mvuvi wa Dunga, kule Winam, aliyevuta wavu uliojaa magugu, utamjulia wapi?

Sheria ya nchi inataka angalau mita 6 kutoka ukingoni zisilimwe. Leo baada ya swala nateremka na kamba ya kupimia mpaka shambani kwangu, maana michai yangu ya mstari wa mwisho inakaribia kulowa mtoni. Atakayetaka kuja aje. Tutapitia darajani wanapoosha pikipiki, na tutawasalimia kwanza.