Annalena, mwalimu aliyefungua darasa kwenye manyata

Annalena Tonelli hakuwa mtawa, hakuwa daktari, wala hakusomea ualimu. Shahada yake ilikuwa ya sheria. Alizaliwa Aprili 1943 huko Forlì, kaskazini mwa Italia, akaingia Kenya Januari 1969 akiwa na miaka 25. Kwa mgeni wa umri ule asiye na uzoefu, kazi iliyopatikana ilikuwa kushika chaki. Kenya ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru, sekondari zilikuwa zinafunguliwa, na walimu hawakutosha.

Habari za Wazungu waliokuja Afrika "kusaidia" tumezisikia hadi zimetuchosha, na mara nyingi zinasimuliwa kana kwamba wenyeji walikuwa wamekaa tu wakisubiri kuokolewa. Ya Annalena ina tofauti. Kabla ya kupanda ndege alikuwa amewahudumia maskini wa mji wake mwenyewe kwa miaka sita. Na alipofika huku hakurudi kuishi kwao. Alikaa zaidi ya miaka thelathini, hadi kifo.

Alihamia Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, nchi ya Wasomali, ngamia na visima. Akafundisha. Lakini nje ya darasa alikutana na jambo lililomkosesha usingizi: watu waliokohoa damu. Kifua kikuu kilikuwa kimeenea miongoni mwa wahamaji, na kilibeba aibu kubwa. Mgonjwa alifichwa na kutengwa, na kwake tiba ilikuwa jambo la mbali.

Ugumu ulikuwa kwenye muda. Matibabu ya siku zile yalichukua mwaka na zaidi. Mfugaji anayefuata mvua angekaaje kitandani mwaka mzima? Dawa zikianza kumpa nafuu, kikohozi kikapungua na mwili ukarudi, alifunga mizigo akaondoka na ngamia wake. Miezi michache baadaye ugonjwa ulirudi, na safari hii ukiwa sugu. Madaktari waliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni mtoro.

Annalena aliligeuza swali. Mwaka 1976 alipewa jukumu la kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu kwa wahamaji. Wagonjwa walikaribishwa waje na vibanda vyao wenyewe, wavisimike jangwani jirani na kituo, waishi kama walivyozoea pamoja na ndugu zao. Kila siku dawa ilimezwa mbele ya mhudumu. Tiba yenyewe ilikuwa ya muda mfupi, miezi sita, kisha mtu anabomoa kibanda na kwenda zake akiwa mzima. Watu wa Wajir waliiita manyata ya TB.

Hapo ndipo ualimu wake unapoonekana, kuliko hata kwenye ubao. Mwalimu mbaya huandika jina la mtoro. Mwalimu mzuri huuliza njia ya shule ina nini. Annalena hakuwa na ujuzi wa kitabibu wa kujivunia mwanzoni. Vyeti vya tiba za kitropiki, afya ya jamii na ukoma alivihangaikia baadaye, Kenya, Uingereza na Hispania. Alichokuwa nacho ni ule uvumilivu wa kumrudia mtu yuleyule kila asubuhi, kuhakikisha amemeza, na kumweleza tena jambo alilomweleza jana.

Sisi wa Dodoma tunapaswa kuielewa habari hii haraka. Wafugaji wa Bahi na Chamwino nao huswaga ng'ombe kufuata malisho kiangazi kinapokaza, na mganga wa zahanati anajua maana ya mgonjwa aliyehama kabla ya kumaliza dozi. Tena Tanzania ina sehemu yake katika hadithi hii. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, mwaka mmoja tu baada ya manyata ya Wajir, na humo Profesa Karel Styblo, Mcheki, alifanya kazi na wataalamu wetu kuonyesha kwamba nchi maskini inaweza kuponya watu kwa tiba fupi inayosimamiwa. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliusambaza utaratibu wa namna hiyo ulimwenguni.

Waitaliano nao si wageni hapa. Mapadri Wapasionisti kutoka Italia walikuwa wakihudumu katika Ugogo tangu miaka ya 1930. Na huko Kisasa kipo Kijiji cha Matumaini, kilichoanzishwa mwaka 2002 na wamisionari Waitaliano kwa ajili ya yatima wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Watoto wanaishi kwenye nyumba pamoja na walezi, wanasoma, na dawa wanameza kila siku. Kwa mtoto, kidonge cha kila siku ni somo gumu kuliko hesabu, na linahitaji mtu mzima asiyechoka.

Tumrudie Annalena, maana wema wake haukuwa wa upole tu. Februari 1984 vikosi vya usalama vya Kenya viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, vikawaweka siku kadhaa juani, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti mwaka 2013 ilikadiria karibu 1,000. Annalena na wasaidizi wake waliingia nyikani kuwatafuta waliosalimika na kuokota miili, kisha akahakikisha habari na picha zinawafikia mabalozi wa nje. Angeweza kunyamaza akaendelea na manyata yake. Hakunyamaza, na mwaka 1985 ikambidi aondoke Kenya.

Akaenda Somalia, na vita vilimkuta huko: Beledweyne, Mogadishu, Merca. Hospitali ya Merca alimkabidhi Mwitaliano mwenzake, daktari Graziella Fumagalli, ambaye aliuawa kwa risasi Oktoba 1995. Mwaka uliofuata Annalena alikuwa Borama, Somaliland, akianza upya na wagonjwa wa kifua kikuu. Wagonjwa walifundishwa kusoma wakiwa kwenye tiba, na watoto viziwi wakapata shule. Alipopokea wagonjwa wa Ukimwi, wapo waliorusha mawe hospitalini wakidai anawaletea maradhi. Akabaki.

Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Nansen, inayotolewa kwa watu waliowatumikia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi kichwani ndani ya hospitali yake. Alikuwa na miaka 60.

Ipo hatari ya kumgeuza sanamu, tukampigia makofi, tukasahau kazi yenyewe. Kazi yenyewe inaendelea, tena kwenye zahanati zetu. Siku hizi mgonjwa wa kifua kikuu Tanzania anaweza kuchagua kumeza dawa kituoni au nyumbani, chini ya macho ya mtu anayemwamini: mke, kaka, jirani. Huyo msimamizi halipwi mshahara wala hapewi tuzo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, mpeleke akapimwe makohozi. Katika vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Na akiambiwa achague msimamizi, kubali wewe, kwa miezi yote sita, hata ile ambayo atakuwa ameshanenepa na kuanza kukuambia amepona.